Kilo 46 za Shangazi

Shangazi yangu ana duka la mapazia Kariakoo, na bidhaa zake huzifuata mwenyewe Guangzhou, kusini mwa China. Aliponiita kwake Magomeni na kuniambia, "Jiandae, baba, mwezi wa tatu tunakwenda wote," nilijua hatimaye ukoo umeona akili zangu. Nina diploma ya biashara, Kiingereza changu kinaeleweka, na kompyuta naijua. Nikaanza kumweleza jinsi nitakavyoyaendesha mazungumzo na wenye viwanda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamalizia chai yake, akasema: "Katafute pasi ya kusafiria. Tiketi moja inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Ya kwangu hayanitoshi."

Basi ndivyo nilivyovuka bahari kwa mara ya kwanza maishani: kilo 46 zenye pasi na cheti cha homa ya manjano.

Wakati wa kwenda, mtu wa Kariakoo hapakii vitu, anapakia nafasi. Begi kubwa lilimeza la kati, la kati likameza dogo, na ndani ya dogo mlikuwa na zawadi za mwenyeji wetu, dada mmoja wa Tanga anayeishi kule siku nyingi akishughulika na mizigo ya wafanyabiashara: sembe, ndimu na pilipili mbuzi. Sembe ilifungwa kwenye mifuko miwili isiyo na maandishi yoyote.

"Shangazi," nikamwambia, "unga mweupe, hauna lebo, na tunapita uwanja wa ndege?"

"Ni wa mahindi."

"Mimi najua ni wa mahindi."

"Basi na wao watajua."

Ukoo ulitusindikiza Uwanja wa Julius Nyerere kwa Noah mbili. Mama alisoma dua, baba mdogo akanishauri nisisaini karatasi yoyote nisiyoielewa, na binamu zangu wakanikabidhi orodha ya simu wanazotaka niwaletee, bila kunikabidhi pesa.

Addis Ababa tulibadilisha ndege. Nyaraka zote, pamoja na kadi yangu ya kupandia ndege, zilikuwa kwenye mkoba wa Shangazi, na Shangazi alikuwa amekwenda kutawadha. Nikamuuliza kijana mmoja mfagiaji, kwa Kiingereza, abiria wa Guangzhou wanaanza kuingia saa ngapi. Akanijibu vizuri tu kwa Kiingereza, nami kwa hesabu yangu ya shule nikapata saa kumi na nusu alfajiri. Nikatafuta viti vitatu visivyo na mikono, nikavua viatu, nikajilaza.

"Unalala?" Shangazi akaniuliza aliporudi. "Tunapanda saa nne na nusu."

"Ni saa kumi na nusu, Shangazi. Nimeuliza."

"Na mimi nimeuliza. Tena yule yule."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano usiku. Waethiopia huanza kuhesabu saa kuanzia macheo, sawasawa na sisi, na yule kijana aliponijibu kwa Kiingereza alikuwa ameiacha saa yake palepale ilipo. Shangazi, aliyeishia darasa la saba, alielewana naye mara moja kwa vidole. Mwenye diploma alikimbia kwenye korido za uwanja wa Bole akiwa na soksi, viatu mkononi.

Kutoka Addis hadi Guangzhou ni saa kumi hivi angani. Shangazi alikaa dirishani, akateremsha pazia la dirisha, akalishika kidogo kwa vidole kupima ubora wake, akalala. Kulia kwangu alikaa mzee mmoja wa Kichina aliyeamua, bila mazungumzo, kwamba bega langu ni la umma. Chakula kilipoletwa, Shangazi aliamka sekunde ile ile gari la chakula liliposimama kwetu. "Kula kila kitu," akaniagiza, "kimeshalipiwa." Alichoshindwa kula alikihamisha: sukari, chumvi, siagi, na kijiko cha plastiki. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi, kwa sababu mtu haendi ng'ambo na raba. Tulipotua miguu yangu ilikuwa imevimba na viatu vikakataa katakata. Nikavikanyaga visigino, nikaviburuza mpaka mbele ya afisa uhamiaji, nikijaribu kuonekana mtu mwenye uwezo wa kujikimu.

Kwenye ukaguzi wa mizigo tulikuta mbwa mdogo mwenye masikio marefu. Alizunguka abiria wote, akalifikia begi letu, akakaa chini. Nikasikia baridi mgongoni. Afisa akafungua begi, akafungua la pili, akafungua la tatu, akainua mfuko mmoja wa sembe na kuutazama kwenye mwanga. Kisha akanitazama mimi. Sijui kwa nini watu wa forodha duniani kote humtazama kijana wa kiume hata kama begi ni la shangazi yake.

Hapo ndipo Shangazi alipojitokeza. Aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya dera lake, na mbele ya umma akasonga ugali. Alichukua sufuria isiyokuwepo, akaibana kwa miguu, akachota unga, akakoroga kwa mwiko wa hewa, akageuza, akafuta jasho, akapakua. Kisha akamega tonge, akalifinyanga kiganjani, akalitoboa kwa kidole gumba, akachovya kwenye mchuzi usioonekana, akameza na kufumba macho. Afisa aliita wenzake wawili. Shangazi akarudia yote tangu mwanzo, safari hii akaongeza mboga. Walipomaliza kucheka walituachia unga, ila ndimu na pilipili mbuzi, ambazo ndizo mbwa alizokuwa akizinusa, zikaingia kwenye pipa. Matunda na mboga mbichi haviruhusiwi kuingizwa. Shangazi alilitazama lile pipa kwa uchungu ambao sikuuona hata kwenye misiba ya karibu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Sensa ya China ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 18 Guangzhou. Dar es Salaam yetu, kwa sensa ya 2022, ina milioni 5 na ushee, na kelele zake mnazijua. Kumbe kilichotaka kuniua siku ya kwanza ni ukimya. Pikipiki za mafuta zimepigwa marufuku Guangzhou tangu 2007, watu wanaendesha za umeme, na za umeme hazisemi. Kwetu bodaboda inakutaarifu kutoka mbali kwamba inakuja kukugonga, unapata nafasi hata ya kumtukana dereva. Kule unasimama pembeni ya barabara unashangaa maghorofa, unahisi upepo mwembamba kwenye kiwiko, na unapogeuka unaona mgongo wa mtu aliyebeba majora saba ya kitambaa akitokomea. Nilijifunza kuvuka barabara nikiwa nimemshika Shangazi mkono. Nina miaka ishirini na tisa.

Kingine ambacho hakuna aliyenionya ni kuta. Mwezi wa tatu, upepo wa joto wenye unyevu huja kutoka baharini kusini na kukutana na majumba ambayo bado yana baridi ya miezi iliyopita. Basi nyumba hutoka jasho. Maji yanatiririka kwenye vigae, kwenye vioo, kwenye ngazi. Mtu wa Dar anadhani unyevu anaujua. Mimi fulana niliyoifua siku ya kufika niliifungasha ikiwa mbichi siku ya kuondoka. Kwenye ukumbi wa hoteli niliteleza kuanzia mlangoni, nikaserereka mpaka kwa mhudumu wa mapokezi, nikashika meza yake, tukasalimiana.

Hoteli hiyo ilikuwa na roboti. Ni pipa refu lenye magurudumu linalopanda lifti peke yake na kupeleka vitu vyumbani. Shangazi aliomba taulo la ziada. Simu ya chumbani ikalia, sauti ikasema maneno ya Kichina, Shangazi akajibu "Haya, mwanangu," akakata. Tulipofungua mlango, pipa limesimama.

"Karibu," akasema Shangazi.

Kimya.

"Karibu ndani, usisimame mlangoni."

Pipa likawaka taa, likafungua kifuniko. Shangazi akachukua taulo, akaliambia ahsante, Mungu akuzidishie. Likageuka likaenda zake. "Hata kuitikia!" akalalamika, na jambo hilo lilimkera mpaka usiku. Lakini kesho yake tulipokutana nalo kwenye lifti alinivuta pembeni lipite kwanza. Aliyebeba mzigo hupishwa, akasema, na mimi nikaona wivu, maana mzigo nilioubeba mimi siku ile haukupishwa na mtu.

Sasa niseme habari ya pesa, kwa sababu ndiyo iliyonidhalilisha kuliko zote. Nilikwenda na noti nyekundu za yuan 100, zenye picha ya Mao, nilizozibadilisha Dar kwa kuuza pikipiki ya rafiki yangu kwa ridhaa yake ya mdomo. Jioni ya kwanza nikamkuta bibi kizee anauza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara, moshi unapanda, harufu ile ile ya kwetu. Nikanyooshea kidole kiazi kimoja, nikatoa noti yangu. Bibi akaitazama, akanitazama, akainua kipande cha kadi kilichoning'inia shingoni mwake: kile kimraba chenye vidoa vyeusi cha kupiga picha kwa simu. Sheria ya nchi inamtaka apokee noti, lakini chenji atoe wapi? Kwa siku nzima huenda hakuona noti nyingine. Akanirudishia yangu kwa mikono miwili, kwa heshima, na kiazi akakirudisha kwenye makaa.

Mimi nilidhani sisi ndio mabingwa wa mambo haya. M-Pesa tunayo tangu 2008, tunalipia umeme, ada na rambirambi kwa simu. Nikamuuliza mwenyeji wetu, kwani hawa wakitumiana pesa nani anaweka ya kutolea? Akacheka mpaka akakaa. Hakuna ya kutolea, akaniambia, kwa sababu hakuna anayetoa. Pesa inaingia kwenye simu na inazunguka humo humo, kwa WeChat au Alipay, kutoka kwa muuza mapazia hadi kwa muuza viazi hadi kwa ombaomba. Siku hizi mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya benki kwenye programu hizo. Nikajaribu. Programu ikaomba namba ya siri kutoka benki yangu, benki ikaituma kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini yangu ya Tanzania ilikuwa imelala usingizi wa pono tangu Addis.

Kwa hiyo kila nilichokitaka kwenye mji ule nilimwomba Shangazi anilipie, na kila alichonilipia alikiandika. Ana daftari dogo lenye jalada gumu ambalo ni nusu ya mtaji wake. Maji, yuan 2. Kiazi, yuan 6. Mwavuli, yuan 15. Aliandika mbele yangu, kwa herufi kubwa, akitamka kila tarakimu. Yuan moja ni zaidi ya shilingi 300, nami nikaanza kupima kiu yangu kwa shilingi. Siku moja nilimwona akiandika "lifti", nikashtuka, kumbe anaandika orodha yake nyingine.

WhatsApp nayo China imefungwa, labda uwe na ujanja, na ujanja wangu ulikuwa kwenye laini ile ile iliyolala. Kundi la ukoo lilingoja picha siku mbili. Siku ya tatu, nilivyokuja kusoma baadaye, binamu mmoja aliandika kwamba nimeshapata hela na sasa sipokei simu za watu, wengine wakaitikia kwa alama za kulia. Sikuwa na uwezo wa kununua hata maji.

Treni za chini ya ardhi nitazipitia haraka, kama zilivyonipitia. Tiketi ni kisahani kidogo cha plastiki unachogusisha wakati wa kuingia na kukitumbukiza kwenye mashine wakati wa kutoka. Begi lako linapita kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia kituoni. Saa za kazi, Laini ya 3 imejaa kama mwendokasi ya Kimara asubuhi, tofauti ni kwamba hakuna anayegombana na hakuna anayehubiri. Nilichoka kwa ukimya huo mpaka nikakohoa makusudi.

Mama wa Kichina anayemuuzia Shangazi vitambaa alitualika chai ya asubuhi, na mtu asikudanganye kwa jina hilo. Guangzhou chai ya asubuhi ni shughuli ya saa mbili au tatu, meza nzima ya vikapu vidogo vya mianzi vyenye vitafunwa vya kupikwa kwa mvuke. Kabla ya chochote, mama yule alimimina chai ya moto kwenye bakuli langu. Mgeni njoo mwenyeji apone: nikaliinua bakuli kwa mikono miwili, nikasema bismillahi, nikanywa mpaka tone la mwisho. Nilipoliweka chini nikaona wenzangu wote wanachovya vijiti, vijiko na vikombe vyao kwenye mabakuli yao, wanavisuuza, na kumwaga maji kwenye bakuli kubwa la kioo katikati ya meza. Ndiyo desturi ya pale, chai ya kwanza ni ya kuoshea vyombo. Shangazi alikuwa anajua. Aliniangalia tu, akasuuza kikombe chake pole pole ili nione vizuri.

Hayo hayakuisha. Chai ya kunywa ilipomiminwa, wenyeji wakawa wanagonga meza kwa vidole viwili. Nikadhani wana haraka, wananingoja mimi. Nikanywa upesi. Mama akaona kikombe kitupu, akanijazia. Vidole vikagonga. Nikanywa. Akajaza. Tulikwenda hivyo mpaka nikaanza kusikia sauti za tumbo langu mwenyewe, na ndipo mwenyeji wetu wa Tanga alipoinama na kunijulisha kwamba kugonga vidole ndiyo kushukuru. Watu walikuwa wanasema ahsante. Kikombe ukitaka kisijazwe, kiache kimejaa.

Heshima yetu iliokolewa na miguu ya kuku. Ilipoletwa, myekundu, imelowa mchuzi, meza nzima ilisimamisha mazungumzo kutazama wageni watafanyaje. Nimesikia Wazungu hukimbia hapo. Lakini mtu aliyekulia Magomeni, ambako miguu ya kuku inauzwa jioni barazani pamoja na vichwa na shingo, umtishie nini? Shangazi alishika mguu wa kwanza, akautenganisha kiungo kwa kiungo, akapanga vijifupa pembeni mwa sahani kwa mstari ulionyooka. Akala wa pili na wa tatu. Kisha akamwambia mwenyeji wetu, "Waambie ni mizuri, ila pilipili hawana. Zangu zimebaki uwanja wa ndege." Tangu siku hiyo yule mama alimwita dada mkubwa na kumpunguzia bei ya mita kwa jumla.

Punguzo lenyewe nililishuhudia Zhongda, soko la vitambaa kusini mwa mto, karibu na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Usilifikirie soko kwa maana ya Kariakoo. Ni mtaa unaozaa mtaa, maghorofa yanayozaa vichochoro, na kila mlango ni kitambaa. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya Kiingereza kuhusu ushirikiano wa muda mrefu. Nilifika kwenye sentensi ya pili. Mwenye duka alininyooshea kiti, akaniwekea chai (sikuigusa), akasukuma kikokotoo kwa Shangazi.

Kikokotoo kikasoma 28. Shangazi akafuta, akaandika 11. Mwenye duka akashika kifua, akafuta, akaandika 26. Shangazi akafuta, akaandika 11. Mwenye duka akasema maneno mengi ya Kichina, Shangazi akamjibu mengi ya Kiswahili, na nathibitisha kwamba walielewana, kwa sababu wote wawili walikuwa wanazungumzia watoto wao wanaosoma. 19. Shangazi akanyanyua mkoba, akaelekea mlangoni. Nikamfuata kwa unyonge, kitambaa kile nilikuwa nimekipenda. "Tembea pole pole," akaninong'oneza. Tuliitwa kabla ya kuvuka kizingiti. Akaketi tena, akatoa karanga za kukaanga kwenye mkoba, akamgawia mwenye duka, wakatafuna wakitazama kikokotoo bila kukigusa. Karanga zilipokwisha, kilisoma 13 na nusu.

Mzigo mkubwa haukuja na sisi. Huo unakwenda ghala la mwenyeji wetu, unapimwa kwa ujazo, unaingia kontena pamoja na vyoo vya mtu wa Mwanza na matairi ya mtu wa Lubumbashi, na unakaa baharini zaidi ya mwezi. Kilo zangu 46 zilikuwa za wateja waliokwisha kulipa na wenye midomo mirefu.

Niliomba jambo moja tu kwa ajili yangu. Guangzhou kuna mnara maarufu wa mita 600, uliofunguliwa mwaka 2010, unaonekana kila upande, usiku unabadilisha rangi.

"Huko juu wanauza nini?" Shangazi akauliza.

"Hawauzi kitu, Shangazi. Watu wanapanda kuangalia mji."

"Kuangalia ni bei gani?"

Nikamwambia. Alifungua daftari, akaangalia ukurasa wangu, akalifunga. "Huu hapa unauona," akasema, akininyooshea kidole kwenye dirisha la teksi. "Tena vizuri."

Siwezi kusema hakunitembeza kabisa. Ijumaa alinipeleka msikiti ulio na kaburi linalosimuliwa kuwa la Saad bin Abi Waqqas, swahaba wa Mtume. Uani palijaa watu wa Guinea, wa Yemen, wa Somalia, Wachina wenye kofia nyeupe, na nje baada ya swala kulikuwa na soko zima la mishikaki ya kondoo na mikate. Xiaobei pia tulikwenda, mtaa ambao Waafrika wamefanyia biashara miaka mingi. Wamepungua tangu korona, lakini bado unaweza kumsikia mtu anagombana na simu kwa Kilingala upande mmoja wa barabara na kwa Kiswahili upande wa pili. Muuza mabegi mmoja wa Kichina aliniita "kaka" na kunitajia bei ya Kariakoo. Huko nililala vizuri zaidi kuliko hotelini, dakika ishirini, nimekalia mzigo.

Siku ya kurudi, begi la kwanza lilisoma 23 kamili, nikamtazama Shangazi kwa mshangao. Alikuwa amelipima kwa mkono tu. La pili 23. La tatu 23. La nne, ambalo nilikuwa nimechomeka humo mwavuli wangu na fulana mbichi, likasoma 25. Dada wa kaunta akatikisa kichwa. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu.

Shangazi alilaza begi sakafuni, akafungua zipu, akavuta pazia zito la rangi ya damu ya mzee, lenye vishada vya dhahabu chini. Akalikung'uta, akajitanda kuanzia kichwani, akatupia pindo begani, akasimama. Lilimkaa. Kisha akatoa pazia la pili, jepesi, jeupe, la maua, akanivika mimi shingoni mizunguko mitatu. Begi likarudi kwenye mzani: 22 na nusu. Dada wa kaunta alimsifia vazi lake. Shangazi akamshukuru, akamwonyesha kwa vidole kwamba analo na la kijani.

Nilisafiri na lile jeupe shingoni vile vile mpaka Addis, ambako kijana yule yule mfagiaji alinitazama, akatabasamu, na safari hii hakusubiri niulize saa.

Mapazia yaliuzwa yote kabla ya wiki kuisha, pamoja na lile jeupe lililonitoa jasho shingoni. Shangazi alinilipa ujira wangu, akatoa alichoniandika, na hesabu ikagoma kubalansi kwa upande wangu: mwavuli niliuacha kwenye Noah, fulana imeota ukungu, na mpaka leo daftari linasema nadaiwa yuan 37. Mwezi wa kumi anarudi Guangzhou. Nimesikia anamchukua binamu yangu, yule wa alama za kulia, kwa sababu hanywi maji sana.